Gari Linalokufa Jumamosi

Kijiwe chetu kiko Njoro, pembeni ya gereji ya Jovin, na kama unakuja mara ya kwanza usitafute kibao maana hakuna. Tafuta benchi. Zamani lilikuwa la kanisa, sasa limepungukiwa mguu mmoja, na mahali pa mguu tumeweka rimu ya gari. Mbele yake anakaa Elisifa, mama wa kahawa, na birika lake juu ya mkaa, vikombe kwenye ndoo, kashata kwenye kopo la maziwa. Nyuma yetu kuna uzio wa masale, mimea yenye majani marefu, unaotenganisha gereji na kiwanja cha jirani. Mlima ukiamua kujitoa asubuhi tunauona, usipojitoa hatuulizi. Mimi wananiita Katibu, kwa sababu miaka kumi na tisa niliandika mihtasari ya vikao vya kata, na mpaka leo mtu akisema upuuzi mbele yangu naukumbuka kwa tarehe. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na Pijo 404 ya Mzee Eliamini, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani, ilikuwa imerudi tena mbele yetu, wiki ya tatu sasa.

Habari ya gari hilo niieleze mara moja ili tusirudi nyuma. Lilikuwa la baba yao. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na wazazi, na cha nyumbani kinakuwa chake. Kwa hiyo baba alipofariki mwaka tisini na saba, gari lilibaki Masama kwa Hosea, yule mdogo. Mzee Eliamini, ambaye ndiye mkubwa na alikuwa na kazi hapa mjini, akapanda akalichukua. Alimwambia mdogo wake, "Nalipeleka kwa fundi, nitalirudisha Jumamosi." Halikurudi. Tangu siku hiyo hawakuongea, si kwenye harusi, si Krismasi. Mwezi wa sita mwaka huu walimzika dada yao Tabitha, mmoja kasimama upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, na baada ya mazishi Hosea akamtuma mpwa wao: "Mwambie kaka, huyo fundi wake ni mzembe sana."

Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka karibu thelathini. Mzee Eliamini hakulala. Akaamua atapanda Masama Jumamosi, akiendesha gari lenyewe, na jani la isale mkononi. Ukimpelekea mtu isale maana yake unaomba msamaha, na mtu wa kwetu akishaletewa hana pa kukataa. Akapeleka taarifa kwamba anakuja. Jumamosi ikafika, gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, tukalisukuma mpaka karibu na kanisa wala halikukohoa. Jumamosi ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Huko Masama Hosea mara tatu alikuwa amevaa koti akangoja, na mpwa alituambia mara ya tatu alilivua akasema hatalivaa tena. Kama ilibaki nafasi, ilikuwa ya Jumamosi moja tu, na kila mtu pale benchini alijua hivyo.

Basi Alhamisi hiyo, saa mbili asubuhi, Jovin akatuita tutazame. Huyu ndiye fundi wetu wa umeme wa magari, tunamwita Fyuzi.

— Tazameni wote, alisema. Nisije nikaambiwa nimeficha kitu.

Alikuwa amechomoa waya wa ethi kwenye betri. Akachukua kitaa chake cha kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akagusisha waya mmoja kwenye betri na mwingine kwenye ule alioutoa. Kama kuna kitu ndani ya gari kinakula moto wakati gari limezimwa, moto lazima upite kwenye balbu, na balbu itawaka.

Haikuwaka.

— Hakuna anayekula, alisema Jovin.

— Labda ameshiba, alisema Elisifa.

Mzee Eliamini hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia juu ya goti, ufunguo wa gari mkononi, akiugeuza.

— Nimetoa fyuzi moja moja, alisema Jovin. Nimepima dainamo. Nimefuata nyaya kutoka mbele mpaka taa za nyuma, nimelala chini ya gari hili kuliko ninavyolala kwangu. Betri ni mpya. Liko hapa tangu Jumamosi jioni na kila asubuhi linawaka mara moja tu. Halafu mzee akilirudisha kwake, Jumamosi limekufa.

— Na kule Masama wanasema fundi ni mzembe, alisema Elisifa.

— Mwaka tisini na saba mimi nilikuwa na miaka miwili!

— Jina limeshaingia, alisema Elisifa, akammiminia kahawa.

Hapo Mzee Kornel akajisafisha koo. Huyu alikuwa dereva wa mabasi, tunamwita Kanyaga, na akijisafisha koo namna ile ujue una nusu saa.

— Mimi nimeendesha miaka thelathini na mbili. Ugonjwa huu naujua. Ni ethi.

— Ethi nimeshika mara nne, meku. Nimekwangua, nimekaza, nimebadilisha waya mzima.

— Wewe unashika ethi ya gari. Mimi nasema ethi yenyewe. Ethi maana yake nini?

— Ardhi.

— Ahaa. Mzee Eliamini, banda lako ulipiga sakafu lini?

— Mwezi wa saba, alisema mzee. Simenti.

— Mwezi wa saba!

Kornel alitugeukia mmoja mmoja, kikombe hewani, ili kila mtu apate muda wa kuelewa.

— Gari limelala kwenye udongo miaka sitini halijaumwa. Umelipandisha kwenye simenti, umeme unatafuta ardhi hauioni. Unazunguka, unazunguka, unazunguka, mpaka betri inachoka yenyewe.

— Meku, gari lina matairi. Mpira. Halijawahi kugusa ardhi tangu litoke kiwandani.

— Kwa nini unafikiri matairi yanawekwa waya ndani?

Jovin akaenda kunawa mikono.

— Ngoja, ngoja, mimi nimeipata hapa, alisema Godlove. Huyu ndiye kijana wetu mwenye simu, anauza vioo vya magari mtaa wa pili, na kwa kuwa anajua kila kitu tunamwita Gugo. — Panya. Wanasema magari ya siku hizi nyaya zinafunikwa kwa kitu cha soya. Panya anaona msosi kabisa.

— Hili ni la mwaka sitini na moja, alisema Jovin. Hakuna soya. Kuna mpira na kitambaa.

— Basi panya ni wa kizamani.

— Nimekagua kila waya, Gugo. Hakuna jino.

— Sawa, bro, usikasirike. Kama si panya ni mnara.

— Mnara gani?

— Wa simu. Si uko nyuma ya kwa mzee? Fikirieni. Ijumaa jioni wikiendi imeingia, kila mtu anapiga simu, mnara unazidiwa kinoma. Unatafuta moto popote. Unavuta wa gari.

— Unavuta kwa njia gani? nilimuuliza, maana uvumilivu wangu una mwisho.

— Hewani. Kwani intaneti inakuja na waya?

Elisifa aliinama kwenye ndoo ya vikombe, mabega yakimcheza. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli. Pale palikuwa na mzee wa miaka sabini na nane anayetaka kupatana na ndugu yake kabla mmoja wao hajazikwa, na wanaume wazima wanamletea minara. Nikasimama ili nizungumze kwa utaratibu. Nasikitika kusema kwamba ndipo nami nilipoharibu.

— Tufikirie kwa akili, nilisema. Betri haifi bure. Kuna mtu anauiba huo moto. Jirani wa mzee, yule anayefuga kuku, ana vifaranga wanaohitaji taa. Anapitisha waya chini ya ukuta usiku wa Ijumaa, anafunga kwenye betri, alfajiri anaukunja.

— Kwa nini Ijumaa tu? aliuliza Jovin. Vifaranga siku nyingine hawasikii baridi?

Sikuwa nimefika hapo. Nikakaa.

— Katibu, iandike hiyo kwenye muhtasari, alisema Elisifa.

Kornel alisubiri kicheko kiishe, akajisafisha koo upya. Nilijua sasa tunapanda juu zaidi.

— Niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na basi la Machame. Gari zima kabisa, halina tatizo. Lakini kulikuwa na kona moja, likifika pale linazima. Abiria wanashuka, mnasukuma, mkishapita ile kona linawaka. Mafundi watatu walishindwa.

— Palikuwa na nini kwenye kona? aliuliza Godlove.

— Hakuna kitu. Nyumba ya shemeji yangu tu.

— Na wewe ulikuwa na ugomvi na shemeji?

— Hapana. Nilikuwa nimeazima ngazi yake sijairudisha. Kama miaka mitano hivi.

— Na ulipoirudisha?

— Basi likapona. Kornel aliweka kikombe chini. — Kwa hiyo nasema hivi: gari linajua. Sijui linajulia wapi, lakini linajua.

Jovin alisema yeye hana kifaa cha kupima hilo. Lakini Godlove alikuwa ameshalidaka, macho yamemtoka, simu imesahaulika mkononi.

— Kwa hiyo inawezekana ni marehemu. Baba yao. Si gari lake? Labda yeye ndiye hataki liende.

Elisifa alimtazama Godlove kwa jicho ambalo mimi singependa kutazamwa nalo. Kuna maneno ya benchini na kuna maneno ambayo husemi mbele ya mwenye msiba wake, hata msiba uwe wa zamani. Nilikuwa natafuta namna ya kumfukuza yule kijana bila kelele, mara Mzee Eliamini akasema mwenyewe, taratibu tu.

— Baba anataka, mwanangu. Alisema mbele yetu wote, gari ni la atakayebaki nyumbani. Mimi ndiye niliyemchelewesha.

— Nisamehe, mzee, alisema Godlove.

— Hujakosea. Ungekuwa umepata, ningejisikia vizuri zaidi.

Wakati huo aliingia dada mmoja anasukuma pikipiki. Amevaa koti jepesi juu ya gauni jeupe la kazi, na alionekana anatoka zamu, macho mekundu kidogo. Alimsalimia kila mzee kwa zamu yake.

— Shikamoo mzee. Shikamoo baba. Shikamoo.

— Marahaba, tuliitikia.

— Nimeambiwa fundi umeme yuko hapa. Honi yangu imenyamaza.

— Karibu, dada. Kaa unywe kahawa, nitaiangalia sasa hivi, alisema Jovin.

Alijitambulisha kuwa anaitwa Loveness, muuguzi, amehamia Njoro mwezi uliopita. Elisifa alimpa kikombe na kashata. Akakaa kati yangu na Mzee Eliamini, akalitazama gari.

— Zuri, alisema. Linauzwa?

Tukamweleza, wote kwa pamoja. Kornel akamweleza ethi, Godlove akaanza mnara akaishia katikati, mimi sikugusia vifaranga. Kuhusu Hosea na isale alieleza Elisifa, na alieleza vizuri kuliko sisi. Loveness alisikiliza mpaka mwisho, akanywa funda moja.

— Sijui magari, alisema. Lakini sisi mgonjwa akija tunamuuliza, tatizo linakuanza lini? Kwa hiyo hili linakufa Jumamosi. Jumapili je?

— Jumapili liko hapa, alisema Jovin. Nimeshachaji, linawaka.

— Likirudi nyumbani?

— Huwa nalirudisha Jumatano, wiki hii tu ndiyo limechelewa, alisema Mzee Eliamini. Alhamisi asubuhi nawasha, linawaka. Ijumaa asubuhi nampeleka mke wangu, mama Mektrida, sokoni, linawaka.

— Ijumaa mchana?

— Linawaka.

— Kwa hiyo Ijumaa mchana ni mzima, na Jumamosi asubuhi ni maiti. Ijumaa jioni anakuwa na nani?

Nimeketi kwenye benchi lile miaka kumi na miwili. Nimesikia maswali mengi pale, mengine hata ya kuhusu mwezi na jua, na kila swali lilipata majibu manne kabla halijaisha. Hili halikupata. Jovin, aliyekuwa ameinama kwenye pikipiki, aliinuka na bisibisi yake. Wiki tatu alikuwa amefuata nyaya zote za lile gari, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kufuata jioni ya Ijumaa. Tukajikuta wote tunamtazama Mzee Eliamini, na yeye anautazama ufunguo.

— Na mimi, alisema.

Akauweka ufunguo juu ya kofia.

— Ijumaa jioni nakwenda bandani kuliaga. Nalifuta vumbi. Halafu nakaa ndani. Ile redio ni ya baba, aliifunga mwenyewe, na haiwaki mpaka ugeuze ufunguo. Basi nageuza. Nasikiliza taarifa ya habari. Ikiisha nasikiliza nyimbo. Pale baba alikuwa anakaa vilevile, baada ya kazi za shamba, hana pa kwenda, anakaa tu ndani ya gari anasikiliza, na sisi tuko kiti cha nyuma mimi na Hosea tumekatazwa kuongea.

— Halafu? aliuliza Loveness.

— Halafu nasinzia. Mama Mektrida anakuja kuniamsha, ananishika mkono ananitoa. Redio huwa naipunguza sauti. Ufunguo nauacha palepale, si kesho ninaondoka?

— Umegeuzwa, alisema Jovin.

— Umegeuzwa.

Jovin akakaa chini kwenye tairi. Alinyoosha vidole vyeusi kwa grisi, akahesabu kama mtu anayeota.

— Redio inakula. Koili ya kuwashia injini inakula, tena sana, koili inachemka kabisa. Usiku kucha. Asubuhi mzee unafika, unageuza, kimya. Unachomoa ufunguo, unanipigia simu. Mimi nakuja nakuta gari limezimwa, ufunguo mfukoni mwako. Napima, hakuna kitu. Mzee! Wiki tatu! Nimefungua dainamo!

Alikuwa na haki ya kupiga kelele zaidi ya hapo. Hakupiga.

— Kwa hiyo hukujua, mzee, alisema Godlove, kwa upole, nadhani akitaka kumsaidia.

Mzee Eliamini aliugeuza tena ufunguo.

— Jumamosi ya kwanza sikujua. Ya pili nilihisi. Ya tatu, Godlove, tafadhali usiniulize.

Hapo nilimhurumia mpaka nikakosa pa kuweka macho. Nilikuwa nimemfahamu yule mzee miaka mingi, ana msimamo, kanisani anasikilizwa, na kumbe kila Ijumaa alikuwa anakwenda bandani kwake kuchelewa kwa makusudi bila kujiambia kwamba ni makusudi. Kornel alivua miwani akaifuta. Yeye na ngazi yake walielewa.

— Dawa ni rahisi, alisema Jovin. Kesho jioni nakuja natoa betri, nalala nayo kwangu. Jumamosi alfajiri nairudisha.

— Nitakwenda kukaa hivyohivyo, alisema mzee. Bila redio. Asubuhi nitapata kisingizio kingine. Mafua. Mvua. Najijua, Jovin.

— Kwani lazima Jumamosi? aliuliza Loveness.

— Nilimwambia Jumamosi.

— Lini?

— Siku nilipolichukua. Mwaka tisini na saba.

Loveness aliweka kikombe chini, akamgeukia kabisa.

— Mzee wangu, hiyo Jumamosi ilishapita. Leo ni Alhamisi na gari linawaka.

Mzee Eliamini aliinuka. Hatukuamini, maana aliinuka haraka kuliko tulivyozoea. Alivaa kofia, akafungua mlango wa gari, akachukua kitu pale mbele ya usukani. Lilikuwa jani la isale alilokata Jumamosi ya kwanza. Limekauka, limejikunja, rangi ya chai.

— Siwezi kumpelekea hili, alisema. Atafikiri namwambia msamaha wangu ndivyo ulivyo.

Sauti yake ilikuwa imeshaanza kutafuta sababu ya kukaa. Elisifa akaisikia kabla yetu sote. Aliacha birika, akachukua kisu cha kukatia kashata, akaenda nyuma ya benchi kwenye uzio.

— Elisifa, hayo ni ya mpaka! alisema Kornel. Jirani atasema tunahamisha kiwanja.

— Ni jani moja, Kanyaga. Mpaka hautatembea.

Akaja na jani bichi, refu, linang'aa kwa umande. Akalifuta kwa kanga yake, akampa kwa mikono miwili.

— Aika, mama, alishukuru mzee.

— Nenda, mzee. Usizime njiani.

Jovin alikuwa ameshafunga ethi na kushusha boneti. Mzee aliketi, akageuza ufunguo. Redio ikasema neno moja na injini ikaliitikia, mara ya kwanza tu, kama siku zote gari linapokuwa kwetu. Kornel akajitolea kumsindikiza, barabara ya kupanda Masama ana uzoefu nayo. Mzee akakataa. Alisema akiwa na mtu pembeni ataongea njia nzima, na maneno yake yatafika yamekwisha. Akaingiza gia, akatoka, indiketa ya kulia ikiwaka vizuri. Tulisimama barabarani mpaka akapinda.

Tukarudi kukaa. Kila mtu alikuwa na furaha na kila mtu alitaka sehemu yake. Jovin alisema jina lake sasa limesafishwa. Kornel alisema alishasema tangu mwanzo kwamba gari linajua. Godlove alisema hata hivyo ule mnara si wa kawaida. Ndipo Loveness, ambaye alikuwa anajaribu honi yake, akageuka.

— Lakini samahani. Gari si anamwachia mdogo wake?

— Anamwachia na ufunguo, nilisema. Na kadi ya gari ameshaiweka.

— Sasa yeye atarudi na nini?

Wiki tatu, watu wazima, tumepanga gari, isale, maneno ya kusema, hata nani aanze kusalimia, na hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba mzee wa miaka sabini na nane atasimama pale uani Masama bila usafiri, mwenyeji wake mtu ambaye hajaongea naye tangu mwaka tisini na saba. Godlove alisema kuna bodaboda. Elisifa akamuuliza kama angempandisha baba yake bodaboda kwenye mteremko ule na magoti yale. Kornel alijisafisha koo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu. Mzee hana simu ya mkononi, ile ya nyumbani anashika mama Mektrida.

Saa sita ikapita. Saa nane. Kahawa iliisha kabla ya saa tisa, Elisifa akamwaga masalia, akamwagia maji mkaa. Kwa kawaida mkaa ukishazimwa benchi linabaki tupu ndani ya dakika tano. Siku ile hakuondoka mtu. Loveness, ambaye honi yake ilikuwa imepona tangu saa nne na alitakiwa awe amelala, alikuwa bado yupo, ameegemea uzio wa masale macho ameyafumba. Mimi nilikuwa na hofu, na sioni aibu kuisema. Nilimwona yule mzee kichwani mwangu anashuka kwa miguu na kofia yake, amekataliwa hata akiwa na isale mkononi.

Saa kumi na moja kasoro, Jovin akainua kichwa kabla yetu.

— Hiyo ni dainamo yangu, alisema. Naisikia sauti.

Pijo ikapinda kwenye kona, rangi ya maziwa, vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Haikusimama. Ilipita polepole mbele ya benchi, ikapiga honi mara mbili, tukaona vizuri. Kwenye usukani alikuwa mtu tusiyemjua, amevaa koti la suti na tai, paji la uso lilelile la Mzee Eliamini, anaendesha kwa mikono yote miwili. Jani la isale lilikuwa mbele ya kioo, bado bichi. Na mzee wetu alikuwa upande wa abiria, kofia juu ya goti, ameinama anageuzageuza kitufe cha redio, na sauti imefunguliwa mpaka inasikika barabarani. Hakuna aliyekuwa anaongea mle ndani. Walikuwa wamekaa kama watu waliokatazwa.

Elisifa alijifuta macho kwa kanga ileile.

— Ile redio itawaulia betri, alisema Godlove.

— Injini inazunguka, alisema Jovin. Gari likiwa linatembea, redio haili kitu. Waache wasikilize.